Baiskeli ya Kituo na Baiskeli ya Popote: Ipi Ina Gharama Ndogo?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

MWALIMU: Wanafunzi wa madarasa ya jioni hapa Morogoro mjini, nanyi mlioko Kihonda, Bigwa, Kingolwira na Mlali, karibuni. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tuna hesabu. Kiongozi wa darasa akae karibu na ubao. Nitakapotaja tarakimu, aiandike kwa maandishi makubwa ili na mtu wa nyuma aione.

Somo letu ni baiskeli. Si baiskeli ya kununua, bali ya kukodi. Kukodi baiskeli si jambo geni kwetu. Fundi wa baiskeli twamjua sote: amekaa chini ya mwembe au mwarobaini, na pampu yake, na beseni la maji la kutafutia tundu la mpira. Pengine fundi huyo ana baiskeli mbili tatu za kukodisha. Unamlipa, unamwachia kitambulisho ikiwa hakujui, unakwenda safari yako na kurudi. Baiskeli yatoka kwake na yarudi kwake. Ukichelewa, unaongeza fedha.

Katika miji mingi ya dunia kazi hiyo ya fundi imekuwa biashara kubwa, yenye maelfu ya baiskeli. Nayo imegawanyika njia mbili. Ya kwanza tutaiita baiskeli ya kituo. Mji una vituo vingi, na kila kituo kina vyuma vya kufungia baiskeli. Unaichukua kituo hiki na unaweza kuirudisha kituo kile, lakini lazima iwe kituoni. Ya pili tutaiita baiskeli ya popote. Hii haina kituo. Kufuli lake lina laini ya simu ndani yake, na chombo kinachopokea ishara za setilaiti, hata mwenyewe ajue iko wapi. Mpanda baiskeli huielekeza simu yake kwenye alama iliyobandikwa, kufuli likafunguka. Akifika aendako huifunga na kuiacha hapo hapo.

Andikeni maneno hayo mawili: kituo, popote.

Nimelichagua somo hili kwa sababu moja. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa hutafuta biashara ya kutia fedha, na baiskeli za kukodisha huonekana ni kazi nyepesi: unanunua, unakodisha, unahesabu fedha. Lakini fedha za kikundi ni sare za watoto, ni mabati ya nyumba, ni mbolea ya bustani. Kabla ya kununua baiskeli 20, yafaa tumalize karatasi 20 za hesabu.

Mtu akisikia habari za njia hizi mbili kwa mara ya kwanza, husema upesi: ya popote ndiyo rahisi, kwa kuwa haina kituo cha kujenga. Neno hilo ni kweli nusu. Gharama ya kituo haikufa. Imehama. Tuifuate tuone ilikokwenda.

Mwaka 1965, katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, vijana wa kundi lililoitwa Provo walipaka baiskeli rangi nyeupe na kuziweka barabarani bila kufuli, ili kila mtu apande bure na kuacha popote. Polisi walizichukua, kwa sababu sheria ya mji ilikataza kuacha baiskeli isiyofungwa. Vijana wale hawakuwa na gharama ya kituo wala ya kufuli, lakini hawakuwa na baiskeli pia.

Miaka 30 baadaye, yaani mwaka 1995, mji wa Copenhagen katika nchi ya Denmark ulijaribu namna nyingine. Unatia sarafu ya kroner 20 kwenye baiskeli, inafunguka. Ukiirudisha kwenye chuma chake, sarafu yako inatoka. Fedha ya namna hiyo huitwa amana. Andikeni: amana. Ni fedha unayoitoa ili uaminiwe, na ni haki yako urudishiwe. Kasoro yake mtaiona wenyewe. Sarafu moja ni ndogo mno mbele ya bei ya baiskeli, na mwenye sarafu hakuandikwa jina popote. Asiyerudisha alipoteza sarafu moja akapata baiskeli nzima.

Basi mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, ulipoanza mwezi Julai 2007, ulikaza kamba. Mradi wao uliitwa Vélib'. Mpandaji alitambulika kwa kadi yake ya benki, na kadi hiyo iliweza kukatwa euro 150 asiporudisha. Nusu saa ya kwanza ilikuwa bure, na baada ya hapo malipo yalipanda. Vituo vilikuwa mamia kwa mamia, vyenye vyuma imara na umeme. Hata hivyo, katika miaka miwili ya kwanza maelfu ya baiskeli yaliibwa au kuvunjwa. Kwa hiyo msidhani kituo ni dawa ya wizi. Kituo hupunguza wizi tu, tena kikiwa na macho ya watu karibu.

MWANAFUNZI: Mwalimu, samahani. Huko Paris ni tambarare. Sisi hapa tuna mlima. Nani atapanda baiskeli kurudi Kilakala jua la saa nane?

MWALIMU: Ahsante, Mama. Umegusa jambo lenyewe, ingawa Paris nayo si tambarare yote. Ina vilima, kama Montmartre na Belleville. Asubuhi watu wa vilimani walizichukua baiskeli wakateremka nazo kazini. Jioni waliona heri kupanda treni kuliko kusukuma kanyagio mlimani. Vituo vya juu vikawa vitupu, na vya chini vikajaa hata mtu akakosa chuma cha kufungia. Ikawa lazima magari yazibebe kila siku kuzirudisha juu. Mwishowe wakatangaza zawadi: anayerudisha baiskeli katika kituo cha juu anaongezewa dakika 15 za bure. Wengine walizipanda kwa ajili ya dakika hizo, lakini magari hayakuacha kazi.

Sasa tazameni mji wetu. Morogoro imekaa miguuni pa Uluguru. Kutoka upande wa Boma au Kilakala mpaka stendi ya Msamvu, baiskeli yateremka karibu yenyewe, kazi yako ni breki. Kihonda ni tambarare. Lakini kurudi juu ni jasho, na ukielekea Morning Side hata kijana mwenye mapaja ya chuma hushuka akakokota. Akina mama wanaoleta ndizi na matunda kutoka vijiji vya mlimani hawana haja ya kusikia hayo redioni. Basi tukiweka baiskeli 20 sawasawa mji mzima siku ya Jumatatu, kabla ya siku nyingi nyingi zitakuwa zimelala Msamvu. Gharama ya kuzipandisha ni yetu, ziwe za kituo au za popote. Tena za popote ni ghali zaidi kubeba, kwa sababu hazikukusanyika mahali pamoja. Moja iko nyuma ya duka, moja iko mtaroni, moja iko uani kwa mtu na geti limefungwa.

Hapo ndipo gharama ya kituo ilipokwenda. Imekwenda kwa mbebaji. Sehemu nyingine imekwenda kwa mwizi. Na sehemu nyingine imekwenda kwa watu wasiopanda baiskeli kabisa. Kipofu anayepita na fimbo yake akajikwaa, huyo naye anailipia baiskeli ya popote, ingawa hana risiti.

Haya, sasa hesabu. Bei nitakazotaja ni za kufundishia. Ninyi mtaweka bei za dukani kwenu. Tuseme kikundi kinanunua baiskeli 20, kila moja Sh. 240,000. Zidisheni. Ni Sh. 4,800,000.

Njia ya kwanza, kituo. Hatutajenga vyuma vya umeme kama Paris. Tutaweka vituo 5, kila kimoja kando ya fundi au mwenye genge, banda dogo na minyororo, Sh. 360,000 kila kituo. Jumla ya vituo ni Sh. 1,800,000. Jumlisheni na baiskeli: mtaji ni Sh. 6,600,000.

Njia ya pili, popote. Hakuna banda, lakini kila baiskeli yataka kufuli lenye simu. Tuseme Sh. 120,000. Baiskeli pamoja na kufuli ni Sh. 360,000, mara 20, mtaji ni Sh. 7,200,000. Mwaona? Tumekimbia kujenga, tukanunua makufuli.

Twende kwenye matumizi ya mwezi. Kituo kwanza. Posho ya waangalizi 5, kila mmoja Sh. 80,000, ni Sh. 400,000. Kupandisha baiskeli juu kwa guta, Sh. 120,000. Matengenezo, Sh. 10,000 kila baiskeli, ni Sh. 200,000. Wizi: tuseme baiskeli moja kila miezi 4, kwa hiyo kila mwezi tunaweka Sh. 60,000.

Limebaki fungu moja, na hili husahauliwa sana katika vitabu vya vikundi. Linaitwa uchakavu. Andikeni ubaoni: u-cha-ka-vu. Baiskeli ya kukodisha haipendwi na mtu. Hupandwa na mzito na mwepesi, hupakiwa gunia la mkaa, hulala mvuani wakati wa masika. Tuseme itadumu miezi 24. Basi kila mwezi imekula Sh. 10,000 ya bei yake, na zote 20 zimekula Sh. 200,000. Mabanda yadumu miaka mitano, yaani miezi 60, nayo yanakula Sh. 30,000 kwa mwezi. Fedha hiyo hakuna anayekuja kuidai, ndiyo maana kikundi huigawana kama faida. Siku baiskeli zikifa zote pamoja, sanduku ni tupu.

Jumlisheni kwa kituo: 400,000 na 120,000 na 200,000 na 60,000 na 230,000. Mkipata Sh. 1,010,000 mko sawa.

Popote sasa. Malipo ya laini za simu, Sh. 5,000 kila baiskeli, ni Sh. 100,000. Wabebaji wawili na mafuta ya chombo chao, Sh. 500,000. Matengenezo, Sh. 200,000 kama mwanzo. Uchakavu wa baiskeli na kufuli, Sh. 15,000 mara 20, ni Sh. 300,000. Wizi: hakuna jicho la fundi, tuseme yaibwa moja kila mwezi pamoja na kufuli lake, Sh. 360,000. Jumla ni Sh. 1,460,000.

MWANAFUNZI WA PILI: Basi imekwisha, Mwalimu. Kituo ni nafuu.

MWALIMU: Subiri, Mzee. Bado hatujagawanya. Sifa ya baiskeli ya popote ni kwamba yapatikana mlangoni na yaachwa mlangoni. Mtu mwenye haraka hataki kutembea dakika 10 kukitafuta kituo. Kwa hiyo itapandwa mara nyingi zaidi. Tuseme ya kituo hupandwa mara 3 kwa siku, na ya popote mara 4. Katika siku 30, baiskeli 20 za kituo zinafanya safari 1,800. Za popote zinafanya safari 2,400. Gawanyeni matumizi kwa safari. Kituo: Sh. 561 kwa safari moja. Popote: Sh. 608. Tofauti ni Sh. 47 tu, bei ya pipi.

Na sasa fanyeni jambo moja. Futeni ule wizi wa popote, Sh. 360,000, muandike wa moja kila miezi 4, yaani Sh. 90,000. Jumla inashuka kuwa Sh. 1,190,000, na kila safari ni Sh. 496. Popote imekuwa nafuu kuliko kituo. Futeni tena, andikeni baiskeli mbili zinaibwa kila mwezi. Safari moja inafika Sh. 758, na hapo bodaboda ya kuchangia inaanza kumchekea mpandaji wako.

Hamkubadilisha banda, wala kufuli, wala mbebaji. Mmebadilisha tarakimu ya wizi peke yake, na njia iliyoshinda imeshindwa. Kwa hiyo mtu akikuuliza ipi nafuu, mwulize kwanza: katika mtaa huo baiskeli ngapi hupotea kwa mwezi, na kila moja hupandwa mara ngapi kwa siku? Asipokuwa na majibu hayo, hana hesabu bado.

Paris yenyewe ilionja pande zote mbili. Mwaka 2017 kampuni iitwayo Gobee.bike ilileta huko baiskeli za popote. Mwezi Februari 2018 ikafunga kazi Ufaransa nzima, maana zilivunjwa na kuibwa kuliko fedha zilizoingia. Haikufika hata mwaka. Baiskeli za vituo zilizotangulia zipo mpaka leo, lakini zipo kwa kuwa mji wenyewe unazitegemeza kwa fedha. Nauli ya mpandaji haitoshi. Kampuni ikikuambia vituo vyajilipa vyenyewe, mtazame vizuri.

Nimesema habari za mwenye baiskeli. Tuseme kidogo habari za mpandaji, maana wengi wetu ndio tutakuwa hao. Baiskeli ya popote humtaka awe na simu ya kisasa yenye intaneti. Mwenye kitochi amefungiwa nje. Kituo chenye mtu hupokea fedha mkononi na hukuuliza jina. Hilo si dogo kwa mji ambao mwuza mchicha na mwanafunzi wa chuo cha Sokoine wote wahitaji usafiri ule ule.

Jambo la pili ni amana. Katika mji wa Beijing, nchi ya China, mwaka 2014 ilianzishwa kampuni iitwayo Ofo. Ilianza na wanafunzi wa chuo kikuu, ikaenea nchi nyingi na baiskeli zake za rangi ya manjano. Makufuli yake ya kwanza yalikuwa ya tarakimu zisizobadilika. Ukizikariri mara moja, unapanda bure siku zote, na watu hawakuwa wajinga. Mpandaji alitoa amana ya yuan 99, baadaye yuan 199. Kwa mtu mmoja si fedha nyingi. Lakini kampuni ilikuwa na mamilioni ya watu, na nauli ilikuwa ndogo mno kulipia gharama. Kufikia Desemba 2018 watu walipanga foleni katika baridi nje ya ofisi zake wakidai amana zao, na walioandikisha madai kwa simu walizidi milioni 10. Wengi hawakuzipata. Amana yao ilikuwa imechanganyika na fedha za biashara.

Basi kikundi kikipokea amana, kiitie katika akaunti ya peke yake, na kila anayetoa apewe risiti. Amana si mapato. Isiandikwe katika ukurasa wa mapato hata siku moja.

MWANAFUNZI: Mwalimu, hakuna njia ya katikati?

MWALIMU: Ipo, Mama, na miji mingi imeifuata. Baiskeli zina kufuli la popote, lakini mji umechora mistari ya rangi chini. Ukiiacha ndani ya mistari, nauli ni ile ile. Ukiiacha nje, unaongeza fedha. Rangi ni rahisi kuliko vyuma. Kwetu ningeanza na mafundi. Fundi ana kivuli, ana pampu, anajua watoto wa mtaa kwa majina, na baiskeli ikilia mnyororo anaisikia kabla haijakatika. Mji wa Kigali, nchi ya Rwanda, ambao una vilima kutushinda, ulipoanza baiskeli za kushirikiana mwaka 2021, nao ulianza na vituo. Ningeweka vituo vitatu vya tambarare kwanza: Msamvu, Kihonda na sokoni. Kilakala ingengoja mpaka tujue guta linakula kiasi gani.

Muda wetu unakwisha. Kazi ya darasa ni hii. Kabla ya somo lijalo, wanafunzi wawili waende kwa fundi wa mtaa wao, wamsalimu, wamwulize bei ya kukodi kwa saa, baiskeli yake hupandwa mara ngapi kwa siku, na mwaka uliopita zilipotea ngapi. Tarakimu hizo tatu ziandikwe ubaoni mahali pa zile zangu. Kisha darasa lijumlishe na kugawanya upya, kituo na popote, na karani aandike jibu katika daftari la kikundi, pamoja na tarehe. Kwaherini.